Barua ya wazi kwa Waziri wa Mawasiliano: tuhesabie watu

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Mimi ni mtafiti wa sera za mawasiliano, kazi ambayo nikiitaja ndani ya daladala abiria hunitolea simu na kuniuliza bando zao zinaishia wapi. Jibu sina. Nina ombi moja tu, na ninaliandika hadharani kwa kuwa njia ya masjala nimekwisha kuipita.

Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu watu 61,741,120, vichanga wakiwemo. Mwaka 2024 taarifa za robo mwaka za Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) zikatuambia laini za simu zimevuka milioni 80. Taarifa hizo zikitoka tunashangilia, na kuna wanaoandika "watumiaji" pale palipoandikwa "laini". Haya, ondoa watoto wanaonyonya, ondoa wazee ambao simu zao hushikwa na wajukuu, halafu jiulize hizo laini zote ziko kwa nani.

Nyingine naweza kukuonyesha zilipo. Msimu mmoja wa korosho nilikaa wiki tatu katika kata moja wilayani Tunduru. Pale kuna mama, wakala wa pesa, ameweka meza yake chini ya mkorosho ulio mbali na barabara na wala hauna kivuli cha maana. Ameufuata kwa sababu mtandao unakamatika hapo. Kwenye shina amepigilia kopo la maziwa ya unga, na simu yake hukaa humo koponi. Ukiitoa, muamala unagoma. Mteja anamtajia namba, yeye anainama na kubonyeza simu ikiwa ndani ya kopo, kisha wote wawili wananyamaza wakisubiri ujumbe. Siku ya malipo ya korosho nilihesabu watu kumi na saba wamenyamaza namna hiyo.

Mama huyo ana vitochi viwili na laini nne. Mbili za uwakala, moja ya kuongea na mwanawe aliye Dar, na ya nne ya mtandao ambao, kwa maelezo yake, huamka usiku wa manane. Kwenye takwimu zako ni laini nne. Binti yake wa miaka ishirini hana hata moja, akitaka kupiga anaazima. Lakini chukua laini zote ugawanye kwa watu wote, na huyo binti naye utamkuta kapata yake moja na chenji juu.

Mheshimiwa, Mei 2019 tulianza kupanga foleni kusajili laini kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), na Januari 2020 waliochelewa wakaanza kuzimiwa. Tuliambiwa ni kwa ajili ya usalama, tukatoa vidole. Foleni zile zimekuachia kitu ambacho nchi nyingi hazina: kila laini imefungwa kwenye namba ya mtu. Kujua ni watu wangapi, kwa maana ya watu, wana laini, wangapi ni wanawake na wako kata gani, hakuhitaji tume wala semina. Hesabu hiyo haitanyooka moja kwa moja, kwa sababu najua watu waliosajiliwa kwa kitambulisho cha shemeji. Hata hivyo itatufikisha mbali kuliko tulipo. Majina siyahitaji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo na ninaiheshimu. Ninachoomba ni idadi.

Kwa nini kata? Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulisaini mikataba ya minara 758 katika kata 713, kwa ruzuku ya Serikali. Jambo jema, silibezi. Sasa mtu wa nje atajuaje kilichobadilika kwenye kata hizo? Nikipewa takwimu za mkoa, Ruvuma ni mstari mmoja: Songea mjini na yule mama wa mkorosho wamepikwa sufuria moja. Mnara unaweza kuwaka, kata ikahesabiwa imefikiwa, na kopo likabaki pale pale kwenye shina.

Kumbuka tozo ya miamala ya simu. Ilianza Julai 2021, kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala, na haikumaliza miezi miwili Serikali ikatangaza kuipunguza kwa asilimia 30 kutokana na kilio cha wananchi. Wakala wangu anasimulia kwamba siku zile dereva wa basi alirudia kazi yake ya zamani ya kubeba bahasha. Takwimu za kata zingekuwa wazi, mtu angeweza kupiga hesabu ya tozo hiyo itamgusa nani kabla ya bajeti, na mngebishana na karatasi badala ya kubishana na barabara nzima.

Niliziomba. Ofisi moja ya umma, sitaitaja, ilinitaka barua ya chuo. Nikaleta. Ikataka barua ya wilaya. Nikaleta. Mwezi wa tatu tangu niombe nikapokea kurasa mbili zilizopigwa picha kwa simu, kidole cha mpigaji kimeziba safu ya mwisho. Na uoga nao upo: mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilibadilishwa ikatutisha kutoa namba zinazopingana na za Serikali. Mwaka 2019 ililegezwa, lakini wenzangu wengine bado hunong'ona wakitaja asilimia.

Ombi langu basi. Kila robo mwaka, pamoja na taarifa ya kawaida, toeni jedwali la kata zote linalofunguka kwenye kompyuta, lenye safu nne: watu wenye laini, wangapi kati yao ni wanawake, wanaotumia intaneti, na kasi ya mtandao iliyopimwa pale pale katani. Anayetaka kuchambua achambue, hata akija kukupinga.

Siku jedwali hilo likitoka, mstari wa kwanza nitakaoutafuta ni wa kata ile ya Tunduru. Nitauchapa nimpelekee yule mama, kwa basi, maana kwenye kopo hautafika.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mtafiti, Dodoma