Picha za nyumbani zikae nyumbani

Ngamiani, Tanga

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu zako zimefika, na mama mpe shikamoo yangu. Umeniuliza ununue kompyuta gani ili picha za watoto na hati za nyumba zitoke kwa kampuni za mtandaoni zinazozitunza, zije kukaa kwako Raskazone. Hilo ndilo jepesi. Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya kiganjani, yenye RAM ya GB 4 inawatosha watu watano. Inakula wati 5 hadi 7 hivi. Ukiiacha inawaka usiku na mchana, kwa mwezi hazifiki uniti 6 za LUKU.

Shida huanzia kwenye chaji. Usiichomeke kwa chaji ya simu iliyolala kabatini, maana inataka volti 5 na ampea 3 kamili. Ukiona inajizima ovyo, fungua dirisha la amri kwenye Pi, andika vcgencmd get_throttled. Ikijibu 0x0, salama. Ikijibu 0x50005, umeme unaoingia ni mdogo saa hiyohiyo: badilisha chaji, au waya wake, kabla hujalaumu programu.

Picha usiziweke kwenye memori kadi. Databezi ya programu ya picha inaandika kila wakati na kadi inachoka upesi. Tena umeme ukikatika katikati ya kuandika, unaweza kuamka asubuhi mashine haiwaki kabisa. Nunua SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, ya GB 500, uichomeke kwenye tundu la USB la bluu, ndilo lenye kasi. Ukiikuta imetoka dukani na mpangilio wa faili wa exFAT, ifute uipange upya kwa ext4, mpangilio wa Linux, kwa sababu exFAT haijui faili ni la nani na Nextcloud, programu ya kutunza faili na picha kwenye mashine yako mwenyewe, itakugomea. Ndiyo, weka Nextcloud. Programu yake ya simu inapakia picha yenyewe mkiwa kwenye Wi-Fi.

Na hapo kwenu bahari iko mlangoni. Usiiweke dirishani, chumvi itavila vitundu vyote. Wala usiifungie kwenye kopo ukidhani unaikinga: ikifika nyuzi 80 inapunguza kasi yenyewe, na joto letu la Januari unalijua. Rafu ya ndani, juu, yenye hewa. Ruta nayo ipate betri ndogo ya UPS, isizimike umeme ukikatika.

Sasa la kuifikia ukiwa nje. Fungua ukurasa wa ruta, usome anwani ya WAN, yaani namba ya ruta upande wa mtandao wa nje. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, ujue anwani ya umma unagawana na wateja wengine, na kufungua poti, yaani mlango wa kuingilia, kwenye ruta ni kutwanga maji kwenye kinu. Tumia Tailscale, programu ya kuunganisha vifaa vyako kwa njia ya siri, inayotembea juu ya WireGuard (VPN): simu na Pi zote zinaanza zenyewe kupiga hodi kutoka ndani kwenda nje, kwa hiyo hakuna poti ya kufungua. Kampuni yake itajua una vifaa vingapi, ila kilichomo hawakioni. Mimi naona kwa kuanzia ni bei nzuri. Asiyeridhika anakodi seva ndogo na kuweka WireGuard yake mwenyewe.

Barua pepe iache huko huko iliko, shoga. Watoa huduma wengi wa intaneti wanafunga poti 25, mlango wa kutumia barua, kwa wateja wa nyumbani, na hata ikipita, barua zako zitatupwa kwenye taka za watu.

Nakala je? Folda inayosawazishwa si nakala: mtoto akifuta picha ndani ya programu ya Nextcloud kwenye simu, na kwenye Pi inaondoka. Nunua diski ya pili, unakili kwa restic, programu ya kuhifadhi nakala, kila wiki, kisha ikae Pongwe kwa shangazi, si kwako. Restic inafunga kila kitu kwa neno la siri, na likipotea hakuna fundi wa kukufungulia; liandike kwenye karatasi, shemeji ajue lilipo. Kila mwezi rudisha picha moja uione inafunguka.

Kabla hujaenda dukani, nitumie hiyo namba ya WAN. Tuanzie hapo.

Wako,
Zuhura