Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Serikali kuhusu upasuaji wa rovu

Ndugu Mganga Mkuu,

YAH: MAANDALIZI NA UANGALIZI WA WAGONJWA WA TEZI DUNDUMIO INAYOTOA HOMONI KUPITA KIASI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi wapasuaji, wauguzi na wataalamu wa usingizi tunaomba waraka mfupi uende hospitali zote zinazofanya upasuaji wa rovu, yaani wa kutoa tezi hii ya shingoni. Hatari yake kubwa iko katika wiki mbili kabla ya kisu na saa 24 baada yake.

Mgonjwa anayetetemeka mikono, moyo ukienda mbio, akikonda ilhali anakula, asipelekwe mezani mpaka karbimazoli, dawa ya kuizuia tezi kutengeneza homoni, ishushe homoni zake, T4 na T3, zifike kawaida. TSH, homoni ya ubongoni inayoiamrisha tezi, isisubiriwe, hubaki chini wiki nyingi baada ya hizo mbili kutulia. Akipasuliwa homoni zikiwa juu, anaweza kupatwa na dhoruba ya tezi: homa kali, mapigo kupita 140, kuchanganyikiwa, hata kifo. Propranololi hutuliza mapigo na hunywewa hata asubuhi ya upasuaji. Mwenye pumu asipewe.

Kisha matone ya Lugol, yaani maji ya madini joto. Kwa ugonjwa wa Graves, ambapo kinga ya mwili huichochea tezi nzima, ni matone 5 hadi 7 ndani ya maji, mara tatu kwa siku, siku 10 za mwisho. Madini joto kwa wingi huo huizuia tezi kutoa homoni na hupunguza damu inayoipitia. Zuio hilo halidumu: baada ya kama wiki mbili tezi huweza kuponyoka, tena ikiwa na shehena ya madini joto ya kutengenezea homoni. Kwa hiyo aliyekwisha kuanza Lugol asifutwe kwenye orodha kirahisi. Umeme ukikatika Jumanne, apewe nafasi Jumatano, hata kama ngiri ya mtu mwingine itasogezwa mbele. Kwa rovu la vinundu vyenye sumu, yaani vinavyojitolea homoni kupita kiasi, Lugol isitumike. Huko ni kuchochea kuni.

Tezi itolewe yote. Kipande kinachobakizwa ili kumwepusha mgonjwa na vidonge kinaweza kurudisha ugonjwa, na kupasua mara ya pili katikati ya makovu huhatarisha zaidi neva za sauti.

Wodini, damu ikivilia shingoni, mgonjwa hutapatapa, hutaka kukaa, shingo hukaza. Oksijeni hushuka kwa kuchelewa, hivyo mashine isiaminiwe peke yake. Nyuzi za ngozi zikatwe palepale kitandani, kisha za misuli, damu iliyoganda itolewe, ndipo aende chumba cha upasuaji. Mkasi, kibano, glavu na gozi vikae kichwani pa kitanda, si kwenye kabati la stoo ambalo funguo zake anazo mtu wa zamu ya mchana. Bandeji nene isiifunike shingo.

Siku ya kwanza hadi ya tatu kalsiamu huweza kushuka: ganzi midomoni na vidoleni, kisha misuli kukakamaa. Vidonge vya kalsiamu viwepo. Hali ikiwa kali, mililita 10 za kalsiamu glukoneti ya asilimia 10 ziingizwe mshipani polepole, kwa dakika 10, moyo ukifuatiliwa.

Tezi ikishatoka, thairoksini, vidonge vya homoni ya tezi, ni ya maisha: mikrogramu 1.6 kwa kila kilo, takribani 100 kwa mtu wa kilo 60, tumbo likiwa tupu, na TSH ipimwe baada ya wiki 6 hadi 8. Tunaomba dawa hii ifike mpaka kituo cha afya cha kata anakoishi mgonjwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Wapasuaji, wauguzi na wataalamu wa usingizi