Fleti zimebaki tatu, na zimekuwa tatu tangu Januari

Mhariri,

Katika kurasa zako za matangazo ya nyumba kuna neno moja ambalo halikosi: zimebaki. Zimebaki tano, zimebaki tatu, imebaki moja ya ghorofa ya juu. Mimi nilinaswa na hilo la tatu.

Ilikuwa Jumamosi ya Januari. Basi dogo lilitubeba watu kumi na wawili kutoka kituo cha Kencom, katikati ya Nairobi, hadi kwenye mjengo mmoja kando ya Barabara ya Mombasa. Soda bure, mandazi bure, kofia bure. Mjengo wenyewe ulikuwa umefika ghorofa ya pili. Tulichoonyeshwa ni nyumba ya mfano iliyojengwa pembeni kwa mbao, imepakwa rangi ikapakika, na kitanda chake kilikuwa cha futi tatu na nusu, ndiyo maana chumba kilionekana kikubwa. Hilo la kitanda nililitambua nikiwa nimesharudi nyumbani.

Fleti ya vyumba viwili, shilingi 8,500,000. Kijana wa mauzo alikuwa na adabu zake zote. "Mama, bei hii inaisha leo saa kumi na moja. Jumatatu ni milioni tisa." Nikasema nataka kuongea na mume wangu kwanza. "Mpigie tu, Mama, nakungoja." Nikamtajia ile methali ya haraka na baraka; akacheka, akaniambia hiyo ni ya wapangaji. Saa kumi na nusu nilikuwa nimeshatuma shilingi 50,000 za kushika nafasi na kutia sahihi fomu ya ukurasa mmoja ambayo sikuigeuza. Upande wa pili ndiko kulikoandikwa kwamba pesa hizo hazirudishwi.

Mimi ni mhasibu. Kazini sipitishi hata risiti ya mafuta ya gari bila kuiangalia mara mbili. Nayasema haya ili mtu asije akadhani wanaonaswa ni wajinga. Saa ya ukutani ikishakuwa upande wa muuzaji, shule uliyosoma haikusaidii sana.

Jumatatu simu ikaita. Mkataba uko tayari, wakili wa kampuni atakuhudumia na wewe pia, usijisumbue kutafuta wako, njoo utie sahihi kabla ya Ijumaa. Hapo angalau nilishtuka. Wakili wa muuzaji ni wa muuzaji hata akikukaribisha chai. Nikaupeleka mkataba kwa wakili wangu, mama mmoja mwenye ofisi juu ya duka la vitambaa katika Barabara ya Tom Mboya, naye akaanza kwa kufanya sachi ya hatimiliki, yaani kuangalia ardhi ni ya nani na ina deni gani, kwenye Ardhisasa, mfumo wa serikali wa rekodi za ardhi mtandaoni.

Ardhi ilikuwa na rehani ya benki. Hilo lenyewe si ajabu, kwa kuwa wajenzi wengi hukopa ili wajenge. Ajabu ni kwamba hakuna aliyenitajia. Ninaweza kumlipa mjenzi hadi shilingi ya mwisho, naye asipolipa deni lake, benki ikaiuza ardhi pamoja na kuta ninazoziita zangu, kwa sababu rehani ilisajiliwa kabla jina langu halijaandikwa popote. Kinga yake ni barua ya benki inayokubali mauzo na kuahidi kuiondoa fleti yangu kwenye rehani nikimaliza kulipa. Ni karatasi moja tu. Wakili wangu akaiomba.

Ndipo nikaisikia sauti ya pili ya yule kijana. "Mama, wakili wako anakuchelewesha. Kuna mtu yuko Marekani anaitaka hiyo hiyo, na analipa keshi." Simu za saa moja asubuhi, simu za saa tatu usiku, ujumbe wenye picha ya saa ya mchanga. Kisha akapiga bosi wake, ambaye hakuniita Mama tena. Katika wiki tatu za simu, hakuna aliyeitaja barua ya benki isipokuwa mimi.

Mkataba nao ulikuwa na mambo yake. Nikichelewesha awamu kwa siku 14, riba inaanza kuhesabiwa. Mjenzi akichelewa kunikabidhi nyumba, "tarehe inayotarajiwa" inasogezwa kwa barua yake mwenyewe. Hati ya fleti yangu, ambayo Sheria ya mwaka 2020 ya umiliki wa vitengo vya majengo inataka kila kitengo kiwe nayo, ingetoka "kwa wakati ufaao". Ushuru wa stempu wa asilimia 4, yaani shilingi 340,000, haukuwamo kwenye ule mpango wa malipo wenye rangi nilioonyeshwa Jumamosi, wala ada ya wakili wao, ambayo pia ilikuwa ya kulipwa na mimi. Bwawa la kuogelea tuliloahidiwa kwa mdomo nalo halikutajwa hata kwa mstari mmoja. Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, inataka mauzo ya ardhi yawe kwa maandishi, yatiwe sahihi na pande zote na kushuhudiwa. Bwawa la mdomo, mtu huogelea kwa mdomo.

Shinikizo halimaliziki kwenye sahihi. Shemeji yangu alinunua huko Ruaka, akaitwa Ijumaa moja akachukue funguo. Asipotia sahihi siku hiyo, ada ya huduma ingeanza kuhesabiwa hata kama hajahamia. Akatia. Lifti ilikuwa bado imo kwenye masanduku, na cheti cha kaunti cha kuruhusu watu kukaa hakikuwa kimetoka. Angeniambia mapema, ningemtuma na fundi wa mabomba, afungue mifereji yote kwa pamoja na kumwaga ndoo ya maji bafuni aone yanaelekea wapi. Maji ya shemeji yanaelekea chumbani.

Najua wajenzi nao wana yao. Riba ya benki haingoji, na wapo wanunuzi wanaoshika nafasi kisha wanazima simu. Lakini anayehofia kupoteza wiki mbili ana njia rahisi: aweke sachi, barua ya benki na rasimu ya mkataba mezani siku ile ile anayotupa soda.

Ninachoomba kutoka kwa waheshimiwa wetu bungeni ni kidogo. Anayelipa pesa ya kushika nafasi apewe siku 14 za kukagua hati na wakili wake, na akijitoa ndani ya siku hizo arudishiwe zote. Amana nayo ilindwe. Katika mauzo ya nyumba iliyokwisha kujengwa, kwa kawaida asilimia 10 hukaa kwa wakili wa muuzaji bila kuguswa hadi mauzo yakamilike. Pesa za fleti iliyo bado kwenye karatasi huingia moja kwa moja kwenye saruji, tena zikiwa na bahati.

Barua ya benki haikuja, nikajitoa. Zile 50,000 bado nazidai. Kila nikienda naambiwa mhusika yuko mkutanoni. Mwezi jana matatu ya kuelekea Kitengela ilinipitisha pale, nikaliona bango lao likiwa limepakwa rangi upya: ZIMEBAKI 3.

Na wewe, Mhariri, nina neno na wewe. Najua matangazo hayo ndiyo yanayolipia karatasi ninayoisoma. Lakini kila mradi wa ujenzi unatakiwa kusajiliwa na NCA, Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, na una nambari yake. Waambie watu wako wa matangazo wasipokee fleti isiyo na nambari hiyo, waichape pale pale chini ya bei, kwa herufi zinazosomeka bila miwani.

Mnunuzi mtarajiwa, jina limehifadhiwa
Imara Daima, Nairobi