Mafundi baiskeli nao watazamwe

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Huku Shinyanga watu wanatuona mafundi baiskeli ni wa kuziba pancha tu, hawajui kunyoosha ringi ya inchi 28 ni kazi ya akili, ikivutia kushoto unakaza spoki za kulia unalegeza za kushoto robo mzunguko tu, unazungusha unaangalia inapogusa breki, ukizidisha inakuwa yai. Na ekseli ukiikaza mno gololi zinasagika. Wengi tumefundishwa na fundi mkubwa chini ya mwarobaini, cheti hatuna. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, wanarasimisha ujuzi wa mafundi wa mtaani, yaani wanawapima na kuwapa cheti, basi watufikie na sisi jamani, vijana wanaijua kazi vizuri sana ila wakienda kuomba mkopo wa vifaa wanaulizwa cheti kwanza.

Fundi baiskeli, Shinyanga