Mhariri, mwandikeni na Azumah Nelson

Mhariri salaam, mi msomaji wenu wa kurasa za michezo, naomba sana muandike habari za Azumah Nelson wa Ghana, maana vijana wetu ukiwauliza ngumi wanakutajia Tyson na Mayweather basi. Huyu jamaa katokea Accra, Julai 1982 akaitwa ghafla New York kuziba nafasi ya bondia aliyeumia, apigane na bingwa Salvador Sánchez wa Meksiko, hajulikani hata kidogo, akapigwa raundi ya 15 kweli lakini raundi zote hizo alikuwa anamfuata bingwa tu, harudi nyuma. Desemba 1984 akaenda Puerto Rico akamuangusha Wilfredo Gómez kwao, raundi ya 11, mkanda wa WBC (Baraza la Ngumi la Dunia) ukaja Afrika!

Na ile ya Jeff Fenech wa Australia ndo naipenda zaidi, 1991 walitoka sare Las Vegas, watu wengi wakasema Azumah kabebwa, yeye akaifata marudiano hukohuko kwao Fenech, Melbourne, 1992, Fenech alikuwa hajawahi kupoteza pambano, Azumah akamaliza kazi raundi ya 8. Tafadhali mpeni hata nusu ukurasa jamani.