Tume ya vyama viwili isiwe pambo

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu tume za vyama viwili nchini Marekani imenikumbusha ile ya mwaka 2006 iliyochunguza vita vya Marekani nchini Iraq, iliyoongozwa na James Baker, waziri wa zamani wa mambo ya nje kutoka chama cha Republican, na Lee Hamilton, mbunge wa zamani wa chama cha Democratic. Wajumbe 10, watano kila chama, walitoa mapendekezo 79, likiwemo la kuzungumza na Iran na Syria. Ripoti iliuzwa hadi madukani kama kitabu. Lakini Januari 2007 Rais Bush akatangaza kuongeza askari zaidi ya 20,000. Pendekezo la mazungumzo likawekwa kando kwa wakati huo.

Tatizo ni kwamba tume iliundwa vita vikiwa na miaka mitatu, maji yamekwisha mwagika, na rais hakulazimika kuisikiliza. Bunge lao lingeiunda mapema, tena limtake rais ajibu kila pendekezo kwa maandishi.

Msomaji wenu,
Morogoro