Jino la mtoto mchanga lising'olewe kienyeji

Ndugu mhariri, naomba nafasi niongelee hili la watoto wanaozaliwa tayari wana jino, au linachomoza ndani ya mwezi wa kwanza, maana likitokea tu familia nzima inaingiwa na hofu na anayefika na uzi au wembe ndo anasikilizwa. Jamani tuache hiyo.

Si mkosi. Inatokea kwa kama mtoto 1 kati ya 2,000 hadi 3,000, mara nyingi ni yale ya mbele ya chini, chipukizi la jino linakuwa limekaa juu juu kwenye ufizi basi linawahi kutoka. Na mengi sio meno ya ziada, ni meno yake yaleyale ya utoto yamewahi tu, yani ukiling'oa leo hakuna la kuziba hilo pengo mpaka la ukubwani lije kwenye miaka 6 au 7 huko.

Cha kuuliza ni limelegea kiasi gani. Mzizi unakuwa haujakomaa, kwa hiyo mengine yanacheza ukigusa na kidole, na likicheza sana hapo kweli litolewe haraka maana likichomoka ananyonya linaweza kuingia njia ya hewa. Ila atoe daktari wa meno, na aulize kwanza kama mtoto alichomwa vitamini K, ile ya kusaidia damu kuganda, alipozaliwa, maana siku 10 za mwanzo damu yake inaweza isigande vizuri na kidonda kidogo tu kikavuja bila kukoma. Lililoshika vizuri linaachwa.

Mama, mfunue na chini ya ulimi umwangalie. Kila akinyonya ulimi unasugua kwenye ncha ya jino, panachimbika kidonda, mtoto anaachia ziwa analia na watu wanasema maziwa hayatoshi kumbe masikini anaumia. Daktari anaweza kusawazisha yale makali au kulifunika na dawa ya kuzibia meno, mtoto akaendelea kunyonya.

Na vile vipele vyeupe vya kwenye ufizi au kaakaa sio meno, vinaisha vyenyewe, msivitumbue.

Wakunga na manesi nawaomba sana, mtoto akizaliwa mwangalieni na mdomoni, mkikuta jino mwandikieni mama aende kwa daktari wa meno kabla hamjamruhusu, msimwache akaulizie mtaani.

Msomaji wako